Malori Tisa ya Mama Mkwe

Kiwandani walimwita Fundi, na baada ya miaka ishirini na mitano hata mumewe alikuwa amezoea kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa cherehani. Kushona alikuwa ameshaacha, baada ya kushona kola za mashati mpaka akawa anaziota. Sasa alizitengeneza cherehani zenyewe. Katika ukumbi ule wenye cherehani mia mbili na arobaini zinazovuma kwa pamoja, mshonaji akiinua mkono na kupiga kelele, "Fundi! Uzi unakatika huku!", yeye ndiye aliyekwenda akapiga magoti chini ya meza, bisibisi mdomoni, kitambaa chenye mafuta begani, akakaza, akalegeza, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Kisha akainuka kwa kushika ukingo wa meza, maana magoti hayakuwa tena yale ya zamani, na kabla hajanyooka vizuri mkono mwingine ulikuwa juu upande wa pili.

Wiki ninayoisimulia kulikuwa na oda ya mashati ya sare, elfu na elfu, na mwenye oda alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Walifanya kazi mpaka Jumamosi jioni. Fundi alirudi nyumbani masikio yakilia nzii, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, na hakusema neno mpaka mumewe alipomletea maji ya kunywa.

"Kesho Jumapili," mumewe alisema.

"Kesho Jumapili," alijibu, kama mtu anayethibitisha habari njema asiyoiamini sana.

Lakini Jumapili ile ilikuwa imeshapangiwa kazi. Kwenye kabati la televisheni, ndani ya bahasha ya kaki, kulikuwa na diski mpya ya mashine ya gemu.

Hapa inabidi nieleze habari ya mashine yenyewe. Ilikuwa ya binti yao. Binti alipokwenda chuo aliiacha sebuleni, na kwa miezi kadhaa ilikaa pale ikila vumbi, isipokuwa siku ambazo baba yake aliwasha mchezo wa mpira na kufungwa mabao saba. Kisha mama mkwe wa Fundi akaanguka bafuni kwake, akavunjika nyonga, akaletwa akae wiki mbili. Zilikuwa zimeshatimia wiki mia moja na kitu.

Mama alikuwa mtu wa miguu. Maisha yake yote alikuwa ametembea: sokoni, kwenye misiba, kwa ndugu, kwa watu waliokuwa na wagonjwa. Kukaa kitako kulimnyima raha kuliko hata maumivu. Alikaa dirishani akihesabu watu waliopita, akinuna, mpaka siku moja mwanawe, kwa utani tu, akamwekea mchezo wa kuendesha malori na kumpa pedi ya kuchezea mkononi.

"Hii nifanyie nini?"

"Endesha, Mama. Hapa mafuta, hapa breki."

Mama hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Siku ya kwanza aligonga ukuta wa bohari mara kumi na moja. Siku ya tatu alitoka getini. Baada ya mwezi mmoja alikuwa dereva mwenye adabu kuliko wote walioko barabarani. Alisimama kwenye taa nyekundu hata kama hakukuwa na gari jingine. Aliwasha indiketa muda mrefu kabla ya kona. Gari likimpita kwa fujo alitikisa kichwa: "Huyu naye leseni alipewa na nani?" Mizigo yake ilichelewa karibu kila mara, lakini haikuwahi kufika na mkwaruzo. Wakati wa chakula cha jioni alikuwa na habari zake kama mfanyakazi yeyote: "Leo nimepeleka friji kumi na mbili. Njia ya mlimani ilikuwa na mvua, we acha tu." Kidogo kidogo lori moja likawa mawili, mawili yakawa matano. Sasa alikuwa na kampuni ya malori tisa na madereva wa kuajiriwa, na mmoja wa madereva hao alikuwa anamtia wasiwasi.

Jumatano ya wiki ile mashine ikagoma. Mchezo ulitaka kujiongezea vitu vipya, na bila hivyo haukuvuka ukurasa wake wa kwanza. Kwenye kioo yalitokea maneno kwamba nafasi haitoshi. Mume wa Fundi akaangalia kipi kifutwe. Mpira wake hakutaka kuugusa. Binti alipopigiwa simu alisema, "Baba, vyangu msifute hata kimoja, nakuja likizo." Siku mbili zilipita Mama akiwa amerudi dirishani.

Wifi yake Fundi, yaani dada wa mumewe, alikuwa hodari wa kutatua mambo akiwa mbali. Ijumaa bahasha ikafika, na simu ikafuata.

"Wifi, umeipata? Ni kubwa mara nne ya hiyo iliyomo. Nimekutumia na video inayoonyesha namna ya kubadilisha. Yule jamaa anasema ni dakika kumi."

"Dakika kumi za nani?"

"Za fundi. Kwani fundi si wewe?"

Fundi alicheka kidogo kwa heshima, akakata simu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Pasi ya jirani, feni ya kanisani, kufuli la shemeji, vyote vilimfuata nyumbani kana kwamba mikono yake haikuwa na likizo.

Jumapili asubuhi alipika uji, akampa Mama dawa, akafua, kisha saa nne akatandika taulo jeupe juu ya meza ya kulia na kuiweka mashine katikati. Mama alivuta kiti chake karibu, fimbo kati ya magoti, akakaa kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

Jamaa wa kwenye video alisema jambo la kwanza ni kunakili kumbukumbu za kila mchezaji kwenye flashi, ili zirudishwe kwenye diski mpya. Diski mpya huja tupu, haimjui mtu. Fundi akawasha mashine. Akaunti zilikuwa nne, kila moja na picha yake: ya binti, ya Baba, ya Bibi, na moja iliyoandikwa Fundi, ambayo binti alimfungulia mama yake siku mashine ilipoletwa, na ambayo mwenyewe hakuwahi kuifungua hata siku moja. Akanakili ya binti. Akanakili ya mumewe. Akaingia kwenye ile ya Bibi, ikamuuliza namba ya siri, akajaribu mwaka aliozaliwa Mama, ikafunguka, akanakili. Ilimaliza upesi kuliko zile nyingine. Siku nyingine angejiuliza kwa nini. Siku ile alishukuru tu kwamba kuna kitu kimekwisha upesi.

Akazima, akachomoa nyaya, akafungua.

Hapo, ukweli usemwe, alipata raha kidogo. Skrubu zilikuwa ndogo na safi, hazina mafuta wala nyuzi. Kifuniko kiliteleza na kutoka bila ugomvi. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka na mende mmoja mkavu, miguu juu.

"Kumbe ndiye alikuwa anakula nafasi," Mama akasema.

Fundi alimtoa kwa koleo ndogo, akapuliza vumbi, akaifikia diski ya zamani katika kikasha chake cha bati. Skrubu tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imekwisha kichwa, bisibisi ikawa inazunguka bure. Akakata kipande cha mpira wa kufungia pesa, akakiweka katikati ya bisibisi na skrubu, akabonyeza kwa uzito wa bega, akazungusha polepole. Ikaitika. Akaweka diski mpya, akafunga, akachomeka. Dakika kumi za yule jamaa zilikuwa zimeshakuwa saa moja na nusu.

Kisha mashine ikataka ipewe programu yake upya kwa flashi. Mara ya kwanza ikasema haioni kitu. Akarudi kwenye kompyuta ya zamani ya binti, ile isiyowaka bila waya wa umeme, akagundua kwamba jina la folda lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa tupu. Akaandika upya. Mashine ikakubali, ikajizima, ikajiwasha, ikaanza kujaza mstari wake mweupe kwa mwendo wa konokono. Magoti yalikuwa yanamwuma kwa kusimama na kuinama. Akarudisha kumbukumbu za binti. Zikaja. Za mumewe, zikaja. Akafungua ya Bibi, akaweka CD ya malori, akangoja mashine iimeze na kuinakili, kisha akabonyeza.

"Karibu," kioo kikasema. "Anzisha kampuni mpya."

Fundi alitazama. Akarudi nyuma, akaingia tena. Kampuni mpya. Akatafuta kwenye flashi. Chini ya jina la Bibi hakukuwa na malori, kulikuwa na mchezo wa karata uliochezwa mara moja.

Nyuma yake Mama alivuta kiti mbele kidogo. Alikuwa amesoma maneno yale kama yeye.

"Yamekwenda?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Yote tisa?"

"Sijui."

Mama alishusha pumzi, akapanga mikono yake juu ya fimbo. "Haidhuru, mwanangu. Ni mchezo tu. Mtu mzima kama mimi, nalilia malori ya kwenye televisheni?" Lakini sauti ilimkatika katikati, na Fundi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwona mama mkwe wake akikosa neno, akaona bora angegombezwa.

Maana Mama alijua kugomba. Siku ya harusi yao alisema mbele ya wageni, "Mwanangu kaoa makanika," na watu wakacheka, na Fundi akacheka pamoja nao huku uso ukimwaka moto. Tangu siku ile waliishi kwa adabu. Shikamoo, marahaba, umelalaje, chakula tayari. Hakuna aliyemkosea mwenzake na hakuna aliyemsogelea.

Mumewe aliingia wakati huo huo akitoka kwenye kikao cha mtaa, akitafuna njugu.

"Bado tu? Si walisema dakika kumi?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. Hakuitupa, aliiweka, taratibu, sambamba na ukingo wa taulo.

"Nyumba hii ina watu wazima watatu," alisema, "na bisibisi moja. Na hiyo moja ninayo mimi kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu. Nimechoka. Sikuchoka leo. Nimechoka tangu mwaka juzi. Mkinisikia nimenyamaza mnadhani nimepumzika."

Mumewe aliacha kutafuna. Fundi akaenda jikoni, akafungua bomba, akaweka mikono chini ya maji akaiacha pale, akitazama sabuni. Machozi hayakuja, hata kulia kulihitaji nguvu. Alifikiria cherehani namba themanini na sita iliyokuwa inaruka mishono, na jinsi ambavyo kesho ingemngoja pale pale. Fundi mkuu wa zamani, aliyemfundisha kazi, alikuwa na neno moja kila mashine ilipowashinda: rudisha kila kitu kilivyokuwa, halafu tazama upya.

Akafunga bomba. Rudisha kila kitu kilivyokuwa. Diski ya zamani ilikuwa mezani, juu ya taulo, nzima. Hakuifuta. Hakuna aliyeifuta. Kila kilichokuwamo kilikuwa bado kimo.

Aliporudi sebuleni mumewe alikuwa ameshika tochi ya simu na amesimama pembeni ya meza kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nimulike wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapa. Na usitikisike."

Akafungua tena. Skrubu ile mbovu aliitupa, akaweka nyingine kutoka kwenye kopo lake. Akarudisha diski ya zamani, akawasha, na picha nne zikatokea kama asubuhi. Akamgeukia Mama, akampa pedi.

"Nionyeshe unavyoingia, Mama. Wewe mwenyewe, kama kila siku. Usinisikilize mimi."

Mama akavaa miwani. Akapita picha ya binti. Akapita ya Baba. Akaipita ya Bibi bila hata kuitazama, akaenda mpaka mwisho wa mstari, akabonyeza.

Kioo kikajaa ukurasa wa kwanza wa mchezo: uwanja mpana wa bohari. Malori tisa ya buluu yalikuwa yamepangwa safu moja, yameoshwa, taa mbele. Na kwenye mlango wa kila lori, kwa herufi nyeupe, pameandikwa FUNDI.

Mumewe alianza kucheka, akajizuia.

"Mama," Fundi akasema, "hii ni akaunti yangu."

"Najua."

"Umekuwa ukitumia yangu siku zote hizi?"

"Ile ya kwangu inaniuliza namba, na mimi namba nasahau. Hii ya kwako haiulizi kitu. Inafunguka tu." Mama alirekebisha miwani. "Na ilikuwa haina mtu."

"Haikuwa na mtu, kweli."

"Halafu walitaka jina la kampuni. Nikaona lipo hapo limeshaandikwa, nikaliacha." Akatazama malori yake. "Ni jina zuri la kazi. Mtu akiona gari limeandikwa Fundi, anajua haliwezi kumfia njiani."

Hakugeuka alipoyasema hayo. Fundi alisimama pale na bisibisi mkononi, akisoma jina lake mara tisa, na alijiona mchovu vilevile kama dakika moja nyuma, ila kifua kilikuwa chepesi zaidi.

Akachomeka flashi na safari hii akanakili akaunti ya Fundi. Ilichukua muda wake. Kisha, kwa mara ya tatu siku hiyo, akafungua kifuniko, mumewe akimulika, Mama akimpokea skrubu moja moja na kuzishika kiganjani ili zisipotee. Diski mpya ikaingia. Programu ilikuwa imeshawekwa, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ni kurudisha kumbukumbu na kuusubiri mchezo ujiongezee vile vitu vyake vipya, ambavyo havikuwa na haraka. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi walikaa watatu wakitazama namba ikipanda kutoka asilimia moja. Mumewe alikaanga mayai. Yaliungua chini, wakala.

"Yule dereva anayekutia wasiwasi," Fundi aliuliza katika kungoja, "ana nini?"

Mama alimgeukia upesi. Tangu aje pale, hakuna aliyewahi kumwuliza swali la kazi.

"Analala barabarani! Nampa mzigo, nampa njia fupi, anachelewa siku nzima. Nimfukuze?"

"Ana muda gani kazini?"

"Miezi mitano."

"Mpe likizo kwanza," Fundi akasema. "Labda amechoka."

Mama aligeuza pedi mkononi. "Kuna kitufe cha kumpumzisha," alisema. "Sikuwahi kukibonyeza."

Saa kumi na dakika chache mchezo ukafunguka. Malori yalikuwepo yote. Mama aliyahesabu kwa kidole, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote: akamnyooshea Fundi pedi.

"Peleka mzigo mmoja. Ni gari lako."

Fundi akakaa kwenye mkono wa kochi, akabonyeza mafuta. Lori likaruka mbele, likang'oa taa ya getini, likapanda ukingo wa barabara na kulala ubavu mbele ya kituo cha mafuta.

"Breki! Breki, mwanangu! Ee!" Mama alikuwa amenyanyua mguu wa kulia hewani, ule wa nyonga mbovu, akikanyaga breki isiyokuwepo. Mumewe aliinama akishika mbavu kwa kicheko. Fundi naye alicheka mpaka akatoa kikohozi, akarudisha pedi, akaomba radhi kwa hasara.

"Utajifunza," Mama akasema. "Mimi niligonga ukuta mara kumi na moja. Sasa nenda ukalale."

"Kuna vyombo, Mama."

"Vyombo vina mwenyewe." Na akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshaanza kuvikusanya.

Akalala alasiri hiyo, mlango wazi, nguo za nyumbani mwilini. Aliamka kukiwa na giza na hakuna aliyemwita. Sebuleni sauti ya televisheni ilikuwa imepunguzwa mpaka injini ya lori ikawa kama mtu anayeguna peke yake.

Sitasema kwamba uchovu wake uliisha. Oda ile iliendelea wiki mbili zaidi, namba themanini na sita ilimsumbua mpaka wakabadilisha shafti nzima, na Jumapili iliyofuata shemeji alileta redio. Binti aliporudi likizo alikuta nafasi tele kwenye diski akaijaza kwa siku tatu. Mume alijifunza skrubu hulegezwa kwa kuzungushwa upande gani, ingawa mayai yake hayakubadilika.

Lakini kesho yake, Jumatatu, lilitokea jambo moja dogo. Kila siku ya kazi Fundi aliamka saa kumi na nusu alfajiri kumchemshia Mama maji ya kuoga kabla ya kwenda kupanga foleni ya gari la kiwanda. Siku hiyo alipoingia jikoni, taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukingoni mwa meza, birika likianza kunung'unika.

"Shikamoo, Mama. Umefikaje hapa?"

"Marahaba. Polepole, kwa indiketa." Akamwonyesha kiti kwa kidevu. "Kaa. Nikishindwa kubeba nitakuita."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na mbili kabla ya kutoka kwenda kazini, na hakukuwa na kitu cha kufanya ndani yake. Akakaa. Akaweka mikono yote miwili mezani, wazi, akaitazama jinsi ilivyokaa pale bila chombo.